Sikio la Mtayarishaji: Uteuzi wa Hedifoni za Kazi ya Muziki Katika Vyumba vya Kitengela

Abiria aliyetoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akishapinda Athi River kuielekea Namanga, hukaribishwa Kitengela na vitu viwili: upepo wa mbuga na kelele za mji. Nyanda hizi zilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na mapito ya wanyama watokao Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Leo zimejaa majumba ya mawe ya kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, na katika baadhi ya vyumba vyake taa inayowaka saa sita za usiku ni ya kijana aketiye mbele ya tarakilishi, akipanga ngoma chini ya gita na gita chini ya sauti ya mwimbaji. Katika miaka ya 1960, wakati Daudi Kabaka na Fadhili William walipokuwa wakirekodi katika studio ya Equator Sound jijini Nairobi, mwanamuziki aliingia studio, akaimba, akatoka, na kazi ya kusikiliza ikabaki kwa fundi mwenye chumba kilichojengwa kwa shughuli hiyo. Sasa studio imeingia chumbani pa kulala, na fundi, mtunzi na mwenye nyumba ya kulipia kodi ni mtu mmoja. Mtu huyo akiwa na akiba ya kununua kifaa kimoja tu cha kusikilizia, anunue kipi?

Jina lenyewe la kifaa hicho bado linagombaniwa. Wapo wasemao vipokea-sauti vya kichwani, wapo wasemao visikizi. Mtaani husemwa hedifoni, na makala haya yatafuata mtaa, maadam muuzaji wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi akiulizwa visikizi huenda akatoa vile vidogo vya kuchomeka masikioni. Ama kuchanganya, neno litakalotumika sana hapa chini, ni ile kazi ifanywayo baada ya kurekodi: kuipa kila sauti kimo chake, upande wake na umbali wake, hadi wimbo usikike kama kitu kimoja.

Chumba na jirani

Kuna wanaouliza kwa nini mtayarishaji asinunue spika nzuri akaachana na kufunika masikio. Jibu jepesi ni jirani. Ukuta mmoja huwatenganisha wapangaji wawili, na besi haijui mpaka. Jibu la kina, hata hivyo, limo katika chumba chenyewe.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Wimbi la besi litetemalo mara 57 kwa sekunde, yaani hezi 57, lina urefu wa takriban mita 6. Chumba chenye upana wa mita 3 kinalingana na nusu ya wimbi hilo, na kuta za mawe hulirudisha likajikuta limekutana na nafsi yake. Matokeo ni kwamba karibu na kuta besi hiyo huvimba, ilhali katikati ya chumba hukaribia kutoweka. Uzi mnene wa gita la besi ukiachwa wazi hulia katika hezi 41. Noti chache tu juu yake ndipo hezi 57 zilipo, pale pale benga na nyimbo nyingi za vijana wa leo zinapokaa. Mtayarishaji aliyeweka kiti katikati ya chumba husikia noti moja imezama, akaiinua. Akisimama mlangoni huisikia inanguruma, akaishusha. Usiku wote utakwisha akiinua na kushusha kitu ambacho hakimo katika wimbo bali katika kuta.

Wengine hujaribu kujikinga kwa kubandika trei za mayai ukutani. Trei hizo hupamba, na pengine hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba; wimbi la mita 6 halizitambui. Kuidhibiti besi kunahitaji vifaa vinene vya kunyonya sauti vyenye kula nafasi, nafasi ambayo mpangaji wa chumba kimoja hana. Hedifoni hukiondoa chumba kizima katika hesabu. Hii ndiyo sababu kuu ya kuzipendelea katika mazingira haya, wala si kwa kuwa ni bora kuliko spika kwa kila hali. Udhaifu wake utaelezwa.

Zilizofungwa na zilizo wazi

Hedifoni zinazofunika sikio zima ziko za namna mbili kubwa. Katika zile zilizofungwa, mgongo wa kila kikombe umezibwa, hivyo sauti haitoki nje na kelele za nje haziingii kwa urahisi. Katika zile zilizo wazi, mgongo huo una matundu au wavu, na hewa hupita. Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414 mwaka 1968, hedifoni ya wazi iliyouzwa kwa wingi mno, na tangu hapo mabwana wa kuchanganya wamependa namna hiyo kwa sababu sauti yake haijibani: husikika kana kwamba imetanda mbele ya msikilizaji badala ya kukwama ndani ya fuvu. Kwa upande wa zilizofungwa, Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, imeendelea kuonekana katika studio na vituo vya redio ulimwenguni kote, na Beyerdynamic DT 770 Pro ni jirani yake wa karibu.

Vitabu vingi vya ufundi hushauri zilizofungwa zitumike kurekodi na zilizo wazi zitumike kuchanganya. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye pesa za jozi mbili na chumba kimya. Kitengela si kimya. Malori ya mizigo huelekea Namanga usiku na mchana, mahubiri hutoka katika vipaza sauti, na mvua ikipiga mabati hakuna gita litakalosikika. Kuvaa hedifoni za wazi hapo ni sawa na kuchuja maji kwa chujio lililotoboka: kila kelele ya mtaani huingia, na msikilizaji huongeza sauti ili kuishinda. Fauka ya hayo, mwimbaji akivaa za wazi mbele ya maikrofoni, mdundo anaofuata humvuja masikioni ukanaswa pamoja na sauti yake, na mdundo huo hauondoki tena. Mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, basi, anunue zilizofungwa.

Zilizofungwa nazo zina sharti lake. Besi yake hutegemea mto wa kikombe kukaa sawasawa juu ya ngozi. Miwani yenye mikono minene, rasta au nywele zilizosukwa chini ya mto huacha upenyo, na besi hutorokea hapo. Watu wawili wanaweza kuvaa jozi ile ile, wakasikiliza wimbo ule ule, wakabishana kuhusu besi na wote wawili wakawa wakweli. Kabla ya kununua, ni vyema mtu azivae jinsi atakavyozivaa kazini, kisha avibonyeze vikombe kidogo kwa viganja. Besi ikiongezeka sana kwa kule kubonyeza, hazimkai.

Sauti za Kajiado

Mfano wa wimbo wa Kimaasai unafaa kuzingatiwa, maana kaunti yenyewe ndiyo chemchemi yake. Wimbo huu aghalabu hauna ngoma. Kiongozi, aitwaye olaranyani, hutoa mstari, na kundi humwitikia kwa sauti nzito za kooni zinazorudiwa rudiwa kama pumzi ya mnyama mkubwa, huku mapambo ya shanga na vyuma yakilia kwa miruko. Katika tukio moja zimo sauti za chini kabisa na za juu kabisa, na katikati yake imo sauti moja ya mtu anayetamka maneno. Hedifoni zinazovimbisha besi zitaifanya pumzi ya kundi ivutie mno, na olaranyani atazama humo. Zile zenye kukata ncha za juu zitazigeuza shanga kuwa mchakacho usioeleweka.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Nyimbo kama hizi hurekodiwa nje, uwanjani, na upepo wa Kajiado hupiga maikrofoni na kuacha mngurumo chini ya hezi 100. Arekodiye kwa hedifoni hafifu za simu hausikii mngurumo huo. Huona kazi imefana, akafunga vifaa akarudi mjini. Siku anapousikia katika chombo kizuri, kundi limekwisha kutawanyika, na pengine mzee aliyeujua wimbo wote hayupo. Kosa la kuchanganya husahihishwa kesho yake, ila la kurekodi wakati mwingine halina kesho. Ndiyo maana hedifoni za kurekodia uwanjani hazistahili kuwa zile mbovu zilizobaki baada ya mtu kununua nzuri za nyumbani. Hizo ndizo zinazopaswa kufunga vyema na kufika chini kabisa katika besi.

Uaminifu wa sauti

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maduka hujaza maboksi yenye maandishi ya besi kubwa, besi ya ziada, besi ya ngurumo. Kwa msikilizaji wa kawaida hakuna ubaya. Kwa mtayarishaji, kosa la hedifoni hujigeuza na kutokea upande wa pili. Hedifoni zikiongeza besi isiyokuwamo, yeye ataona imezidi, ataipunguza, na wimbo utatoka nje ukiwa mkavu. Zikificha besi, ataiongeza, na wimbo utatikisa madirisha ya matatu kwa namna isiyokusudiwa. Vivyo hivyo kwa sauti kali za juu: DT 990 Pro, hedifoni ya wazi ipendwayo na wengi, hujulikana kwa kung'arisha sana sehemu hiyo, na asiyelijua hilo huzikata sauti za juu hadi wimbo unafifia kama redio iliyofunikwa blanketi.

Ingedhaniwa kwamba dawa ni hedifoni zenye mstari ulionyooka, zisizoongeza wala kupunguza popote. Jambo lenyewe si jepesi hivyo. Sauti itokayo katika spika hupita katika mikunjo ya sikio la nje, na umbo la sikio huinua masafa ya karibu na hezi 3,000 kabla sauti haijafika ndani. Hedifoni hukaa juu ya sikio na kuibadilisha safari hiyo, kwa hiyo ni lazima zenyewe ziigize sehemu ya kazi ya sikio na ya chumba. Kuanzia mwaka 2013 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walichapisha tafiti zilizoonyesha kuwa wasikilizaji wengi hupendelea hedifoni zinazosikika kama spika nzuri ndani ya chumba kizuri: besi iliyoinuka kwa kiasi, na kilima karibu na hezi 3,000. Vipimo vya namna hiyo sasa hupatikana kwa aina nyingi za hedifoni, na mnunuzi anafaa kuviangalia kuliko tarakimu za boksi. Boksi likijigamba kwamba hedifoni hufika kuanzia hezi 5 hadi hezi 40,000, ikumbukwe kuwa sikio changa lenye afya husikia kati ya hezi 20 na 20,000 tu. Na tarakimu hizo, zisipoandamana na kiasi cha kupanda na kushuka kwa sauti katikati yake, hazisemi lolote.

Hakuna jozi isiyo na kosa. Jozi yenye kosa linalojulikana na mwenyewe ni salama kuliko jozi ghali iliyonunuliwa juzi. Mtayarishaji huzijua hedifoni zake kwa kusikilizia humo, kwa wiki kadhaa, nyimbo anazozifahamu barabara kutoka redioni, kanisani, matatuni na harusini, mpaka ajue kwamba besi ya wimbo fulani, unaotikisa Kitengela nzima, humo huwa ya kiasi gani. Kisha kazi yake huipima dhidi ya huo.

Omu, voti na nyaya

Sehemu hii huwachanganya wanunuzi kuliko zote, ingawa hesabu yake ni ndogo. Hedifoni huandikwa ukinzani wake wa umeme kwa omu. DT 770 Pro, kwa mfano, imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250; MDR-7506 ina omu 63; Sennheiser HD 600 ina omu 300. Zichukuliwe hedifoni mbili zinazotoa desibeli 96 zikipewa miliwati 1 ya nguvu. Ile ya omu 32 huhitaji takriban voti 0.18 kufikia kimo hicho. Ile ya omu 250 huhitaji voti 0.5. Kitobo cha tarakilishi ya mapajani au cha rununu hutoa voti chache, mara nyingi isizidi 1. Mwenye omu 250 atasikia, lakini hatabakiwa na akiba ya nguvu kwa ngoma inayopiga ghafla, na atalaumu hedifoni bure. Asiye na kikuza-sauti, wala kile kisanduku cha kuunganishia maikrofoni na tarakilishi chenye kitobo cha hedifoni cha nguvu, achague omu 80 au chini yake. Omu nyingi si alama ya ubora, hata muuzaji akiapa.

Hedifoni zisizo na waya ziachwe kwa safari. Bluetooth hubana sauti, na pia huichelewesha, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mwimbaji anayeisikia sauti yake ikimfuata nyuma kama mwangwi hawezi kushika mdundo.

Ama uimara, waya na mito ndivyo hufa kwanza. Audio-Technica ATH-M50x ina waya unaochomolewa na kubadilishwa; waya wa MDR-7506 umeshikizwa humo humo na huhitaji fundi wa kulehemu, ingawa hedifoni yenyewe ni nyepesi, gramu 230 hivi, jambo linalothaminiwa ifikapo saa ya nne ya kazi. Vumbi la kiangazi la Kitengela huingia kila mahali, na jasho huchubua mito ya ngozi bandia. Kabla pesa hazijatoka mfukoni, muuzaji aulizwe kama mito ya akiba inapatikana. Jozi za bandia zipo pia, zikibeba majina makubwa kwa bei ya kutilia shaka. Mnunuzi aende dukani na wimbo anaoujua, asikilize kama mwimbaji amekaa katikati kabisa, kisha azigeuze kushoto kuwa kulia. Mwimbaji akihamia upande, vikombe viwili havilingani.

Yasiyosikika humo

Anayesikiliza spika mbili husikia kila spika kwa masikio yote mawili. Sauti ya kushoto hufika sikio la kulia ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya milisekunde na kupungua ukali. Hedifoni hufuta makutano hayo. Gita lililowekwa kushoto hukaa ndani ya sikio la kushoto peke yake, na wimbo huonekana mpana kuliko ulivyo. Mwangwi mdogo nao husikika wazi mno, hivyo mtayarishaji huutia kidogo, na wimbo ukichezwa kwa spika huwa mkavu. Aidha besi ya spika hugonga kifua, ya hedifoni huishia sikioni, na anayeukosa mgongo huo huongeza besi bila kujua.

Kuna na jambo la afya, ambalo vijana hulipuuza. Sikio la kufa halisikii dawa. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba msikilizaji wa desibeli 80 asizidishe saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5, na desibeli 92 ni saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Usiku mmoja tu wa kazi katika kimo hicho humaliza mgao wote. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na zinazotangulia kufa ni zile za sauti za juu, ambazo mtayarishaji huzihitaji kuamua kiasi cha shanga na matoazi. Upo ushahidi wa kikazi pia wa kupunguza sauti. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kuwa sikio huisikia besi hafifu kuliko ilivyo pindi sauti ikiwa ya chini, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo besi inavyopata nguvu. Wimbo uliochanganywa kwa kelele kubwa huonekana umeshiba. Ukipigwa polepole jikoni, besi imetoweka.

Kwa sababu hiyo watayarishaji wazoefu hukagua kazi mahali pengine kabla ya kuitoa. Hupunguza sauti ya hedifoni hadi wimbo usikike kama mazungumzo ya chumba cha pili, wakasikiliza ni kipi kinachobaki. Kisha huunganisha pande mbili kuwa moja, kwa kuwa kuna gita zinazopendeza zikiwa kushoto na kulia ilhali zikikutanishwa hufutana. Mwishowe huweka rununu juu ya meza, hedifoni zikiwa zimevuliwa, mvua ikinyesha au lori likipita, na wimbo ukachezwa kwa spika yake ndogo isiyo na besi. Mstari wa besi ukipotea kabisa humo, si lazima kuuinua; mara nyingi hutosha kuupa sauti kidogo za juu, zile za ukucha ukikwaruza uzi, na sikio likalijaza lenyewe pengo la chini.